Uso Niliowakunjia Wakwe

Jumatatu, 2 Juni

Nimefungua mashine saa moja. Ukungu mpaka mlangoni, baridi ya kuuma meno. Akina mama wa Mwanjelwa wana haraka na dona lao kama kawaida. Nimesaga madebe kumi na moja kabla ya chai.

Mngurumo wa mashine haunisumbui. Miaka ishirini nausikia, haubadiliki. Kinachonimaliza ni sauti ya ghafla: honi, kitu kuanguka, mtu kucheka karibu yangu. Sikio la kulia linapigapiga ndani, halafu taya linajifunga, ngozi ya kichwa inavutwa nyuma, na shingo inakuwa ngumu hadi begani. Leo mara nne, zote honi. Nimemtukana dereva wa bodaboda. Hakustahili.

Jumanne, 3 Juni

Hospitali tena. Daktari amechungulia masikio, amepima usikivu. Safi, anasema. Nimekasirika kana kwamba ameniita mwongo.

Mama wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenielewa. Ndani ya sikio kuna msuli mdogo unaojikaza kulikinga na kelele. Wangu umezidi woga, na misuli ya uso na shingo inaufuata. Kupona hakuniahidi. Nilegeze taya, nipumue taratibu, nijikande shingo kwa maji ya moto. Na niache kuziba sikio kwa pamba kutwa, eti linazidi kudeka. Nimeitoa pamba getini. Nimeirudisha kabla sijafika stendi.

Mke wangu tu ndiye anayejua. Nimemkataza kusema. Mwanaume anayeogopa kijiko kikianguka, nani atamheshimu?

Jumamosi, 7 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Wakwe, wazazi wa kijana, wamekuja kutoka Iringa kumposa Atupele, mtoto wetu wa pekee. Wahehe, watu wa heshima. Salamu zao peke yake zimechukua robo saa. Yote yamekwenda vizuri mpaka wakati wa kumuuliza binti. Kwenye ukoo wetu anaulizwa mbele ya watu wote, mara tatu: wageni hawa unawafahamu, tule nao? Akijibu ndiyo ya tatu, macho yote yanahamia kwa baba. Uso wa baba ndio jibu.

Atupele amejibu ya tatu. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, kwa furaha akapiga kigelegele. Sikio, taya, shingo, vyote kwa pamoja. Najua uso wangu unavyokuwa, nimeshauona kwenye kioo. Mdomo unapinda, jicho moja linafumba, kama mtu aliyenusa mzoga. Nimeinuka, nimekwenda nyuma ya nyumba na kichwa mikononi. Niliporudi wageni walikuwa wanavaa viatu. Chakula hawakukigusa.

Jumapili, 8 Juni

Atupele haongei na mimi. Kanisani sikwenda.

Jumatano, 11 Juni

Mshenga amepiga simu. Wakwe wanasema baba wa binti amewakunjia uso saa ile ile ya kutabasamu, kwa hiyo amekataa. Wanataka kijana wao atafute kwingine.

Mshenga anashauri nitume mbuzi wa kuomba radhi pamoja na barua. Mbuzi si shida. Barua niandike nini? Kabla ya kuoa watu huuliza kwanza magonjwa ya ukoo. Nikiandika kichwa changu kinakamatwa na sauti, watasema kifafa, na Atupele atabebeshwa. Nikinyamaza, nimekataa. Nimebanwa pande zote.

Nimesaga mpaka jioni ili nisifikiri. Mkanda wa mashine umekatika. Mlio wake umenikalisha chini kwenye pumba mbele ya wateja.

Ijumaa, 13 Juni

Mke wangu amenisema leo. Si kawaida yake. Amesema aibu yangu naitunza vizuri kuliko ninavyomtunza mtoto. Kesho naenda Iringa mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni. Iringa

Muziki wa basi kutoka Mbeya mpaka hapa. Nimeshuka siwezi kugeuza kichwa. Nimeingia kwa wakwe bila mshenga, kosa jingine hilo. Wamenipokea kwa kamwene nyingi, salamu yao, na nyuso kavu.

Nimeeleza. Sikio, msuli, kigelegele. Nilivyojisikia nikiongea, hata mimi nisingejiamini. Baba mkwe aliangalia sakafu. Akauliza huo ni ugonjwa gani unaosubiri siku ya posa. Nikaanza upya, nikajichanganya.

Jikoni sinia likaanguka.

Siwezi kuandika vizuri kilichofuata kwa sababu sikukiona, nilikuwa ndani yake. Taya lilipofunguka, mama mkwe alikuwa amechuchumaa mbele yangu ananikagua usoni.

"Baba Atupele, ndio hii?" aliuliza kwa sauti ya chini kabisa. "Mimi siku ile nililia njia nzima. Nilisema huyu mzee ananiona uvundo."

Nimetikisa kichwa kukubali. Nimeona haya mpaka machozi. Baba mkwe hakulegea haraka. Ameuliza kama ugonjwa huu upo kwenye ukoo. Nimejibu wazazi wangu hawakuwa nao, daktari hajataja kifafa, zaidi ya hapo sijui. Wamesema watakaa kikao, jibu litakuja kwa mshenga, kama inavyotakiwa.

Jumanne, 17 Juni

Wamekubali. Mbuzi bado wanamtaka.

Nimemwita Atupele barazani nikamwambia mwenyewe, kila kitu, tangu mwanzo. Nilitegemea afurahi au anikaripie.

"Kwa hiyo sio mimi?" aliuliza.

Sikuelewa. Akanieleza. Miaka miwili sasa, akicheka, mimi nainuka. Akiweka sahani, natoka nje. Amejifunza kutembea bila viatu ndani, kuosha chombo kimoja kimoja, kuchekea kwenye kanga. Alidhani nimemchoka. Alitaka kuolewa mapema ili nipumzike.

Nimemuuliza kama kijana anamtaka kweli. Anamtaka. Afadhali. Lakini sijawahi kujichukia kama leo. Wakwe nimewakosea mara moja, huyu nimemkosea kila siku.

Jumapili, 31 Agosti

Wiki mbili tangu harusi. Ukumbini nilikaa dakika arobaini karibu na maspika. Shingo ilinilaza siku tatu. Sijapona. Mazoezi nafanya, pamba nimepunguza.

Nyumba kimya. Mke wangu yuko kanisani.

Atupele amepiga simu mchana, anapika. Kaweka simu mezani akaendelea na kazi. Maji, masufuria, mfuniko chini, halafu kicheko chake, kirefu, cha mdomo wazi. Sikukumbuka kama anacheka hivyo. Taya limejifunga mara mbili. Sikukata simu. Nimekaa nayo sikioni mpaka ugali ukaiva.