Upanga wa Mumbere Sitauchoma

Ruashi, Lubumbashi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima yote, na kwa hasira pia, maana sitaki kuanza barua kwa uongo. Goti lako linaendeleaje? Shemeji Kambale anasema siku hizi unapanda mlima wa kanisani kwa kusimama-simama njiani. Pole sana, mama. Na kikohozi cha mzee kimepungua? Mbuzi wanazaa? Mvua imeyatendea vipi maharage? Sisi huku tuko wazima. Ni msimu wa baridi, vumbi la mgodi linaingia hadi ndani ya sufuria, umeme unakuja ukitaka na kuondoka bila kuaga, lakini tunakula, tunalala, tunaamka. Mungu ni mwema.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Nakuandikia kwa sababu simu umenikatia, tena nikiwa katikati ya kusema. Karatasi haikatiki. Masika, wifi yangu, najua ni wewe unayemsomea mama barua hii kwa sauti. Tafadhali usiruke mstari hata mmoja, na pale nilipokuwa mkali usinilainishie maneno.

Kambale alishuka na lori, akafika kwangu Jumapili baada ya ibada. Nilimpikia bukari, ndivyo wanavyouita ugali huku, na sombe ya majani ya muhogo na samaki. Akala, akashukuru, akanawa mikono, halafu akaangalia chini kama mtu aliyedondosha sindano. "Shemeji," akasema, "mama anataka lori likigeuka nirudi na mwanao Mumbere. Kikao cha ukoo kimekwisha kukaa." Nikamwuliza kosa langu ni nini. Akatoa simu yake akanionyesha picha aliyoipiga safari iliyopita: Mumbere amesimama uani, ameshika upanga wa mbao, meno yote nje. Kumbe picha hiyo ndiyo aliyowazungushia huko nyumbani. Haya bwana! Ulimi wa shemeji yangu unavuka mipaka yote na hakuna mtu wa forodha anayeusimamisha.

Nimeambiwa ulilia ulipoiona. Hilo limeniuma, na nakuelewa, kwa sababu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Najua kwamba tangu mazishi umeyafungia mapanga yote, hata lile la kukatia majani ya mbuzi, na kwamba uani kwako mtoto akiokota fimbo unamnyang'anya. Sijakucheka kwa hilo hata siku moja. Lakini neno la pili alilolileta Kambale sikulikubali na sitalikubali, kwamba mwanamke aliyesahau jinsi mumewe Paluku alivyokufa hawezi kumlea mtoto wa Paluku. Mimi nimesahau? Mimi na Mumbere ndio tuliokuwa tumempelekea chakula shambani. Sisi ndio tuliomkuta katikati ya mihogo, watu wa mapanga wakiwa wamekwisha kuondoka. Nilimfunika kwa kitenge nilichokuwa nimejifunga. Mtu asiniambie nimesahau, hata akiwa wewe.

Na hamkuwapo huku kumwona mtoto tulipofika tukiwa tumekimbia mauaji. Mgodi ulio karibu nasi ukilipua mwamba, alikuwa anaingia chini ya kitanda na hatoki mpaka nimvute mguu. Hakucheza. Watoto wa uani walimwita, hakuitika. Jirani yangu Mama Monga, mwanamke wa kaskazini mwa Katanga asiyejua kunyamaza, aliniambia wazi: "Mama Mumbere, huyu mutoto haiko anacheza na benzake. Iko anakaa tu sawa muzee wa pension." Huyo huyo Mama Monga alinipa kipande cha shamba kule Annexe, pembeni mwa mji, ili nipate mahindi yangu. Kwenda shambani ikawa vita. Tukifika mwisho wa njia, mahindi yanaanza kuonekana, mtoto anakaa chini barabarani anatetemeka, nami narudi nyumbani na jembe langu kavu. Mara ngapi sijui. Majani yakanizidi urefu.

Halafu siku moja akaniomba upanga. Watoto wa Ruashi wote wanacheza vita vya panga, mama, hakuna uani usio na kelele hizo. Nilimjibu kama wewe ungemjibu. Nikamwambia katika ukoo wetu kitu hicho hakishikwi, yakaisha. Kumbe hayakuisha. Aliokota mkanda wa chuma, mmoja wa ile wanayofungia mizigo inayokwenda mgodini, akaukunja mwisho mmoja ukawa mpini, akatoka nao. Jioni hiyo Mama Monga aliingia kwangu amembeba mjukuu wake wa kike, mkono umefungwa kitambaa, damu mpaka kwenye sketi. Nikapiga magoti nimwombe msamaha. Akanifokea.

"Simama! Batoto bote banapigana upanga, balianza mbele ya sisi kuzaliwa. Ukibakatalia ya muti, batashika ya chuma. Njo umeona."

Nilikaa nikifikiri kwamba katazo letu, lile la kwako na langu, ndilo lililompa mtoto wangu chuma mkononi.

Mume wa jirani yangu huyo, Baba Monga, ni fundi wa mbao. Miaka mingi alitengeneza mabehewa ya reli, sasa ana karakana nyuma ya nyumba, na ndiko ninakofanya kazi tangu tulipofika, kupiga msasa viti na meza. Ni mzee mwenye matusi mengi na subira kidogo. Kesho yake nikachukua ubao mwembamba wa sanduku la bidhaa, nikakata upanga, nikapigilia msumari kipande cha kukinga vidole, nikaona nimeweza. Mzee akaushika, akaupiga kwenye nguzo ya mlango. Tka! Nusu ikaruka, na nusu iliyobaki ikawa na ncha ndefu ya kutisha.

"Unaona? Sasa umetengeneza mukuki," akasema. "Upanga ya kuvunjika njo inatoboa mutoto macho. Ile ya nguvu haina matata. Anza tena."

Basi nikaanza tena, mara nyingi, na nakueleza kazi yenyewe ili ujue mikono yangu inafanya nini kabla ya watu kukuambia. Kwanza namwita mtoto mwenyewe, nampima kutoka kiganja hadi kwapa, kwa sababu upanga mrefu humshinda mtoto nguvu ukawaangukia wenzake. Nachagua kipande cha mulombwa, mti mgumu wa huku wenye moyo mwekundu, mabaki ya vitanda vya mzee. Naangalia nyuzi za mbao, lazima zitembee kutoka mpini hadi nchani bila kukatika, na pasiwe na fundo. Mpini na bapa ni mti mmoja. Kile kipande cha kukinga vidole nakitoboa tundu, nakivisha kupitia mpini mpaka kibane kwenye bega la bapa, pale upana unapoanza, kisha nakifunga kwa kigingi cha mbao. Msumari hauingii humo, wala gundi. Makali hayapo kabisa. Ukingo nauviringisha unene wa kidole changu, na ncha naifanya mviringo kama mgongo wa kijiko. Halafu msasa, msasa, mpaka kitambaa kipite bila kunasa. Mwisho napaka mafuta ya kula, maana watoto hutia kila kitu kinywani. Mzee anaupiga kwenye nguzo kwa nguvu zake zote. Ukistahimili, unatoka. Ukipasuka, unakwenda jikoni kupika maharage.

Sasa watoto wa mtaa wetu wanazo panga hizi, na vyuma vimerudi jalalani. Habari ilifika hadi Golf, kule kwenye majumba makubwa, akaja mama mmoja na gari lake kumnunulia mwanawe. Akaugeuza upanga huku na huku, akautakia ncha na rangi ya fedha.

"Madame, hii haina pointe. Utie pointe, upake argent, itakuwa sawa ya kweli."

Nikamwambia: "Ya kweli tuliiona kwetu, madame. Hapa kwangu haitoki."

Akaondoka mdomo umevimba. Mzee naye akanung'unika kwamba namfukuzia wateja, nikamjibu hata yeye. Unanijua, mama. Uliponichukua niwe mkwe wako uliambiwa kwamba ulimi wangu hauna kifuniko, ukacheka ukasema nyumba yako imezoea kelele.

Upanga wa kwanza uliostahimili nguzo ulikuwa wa Mumbere. Siku ya kwanza aliuegemeza tu karibu na mkeka wake akawa anauangalia. Kisha akaanza kutoka nao uani. Nakwambia jambo moja alilonieleza Mama Monga kabla sijaliona mwenyewe: mjukuu wako huyo hakubali kuwa upande wa wavamizi. Wenzake wakimlazimisha, anaweka upanga chini na kukaa. Yeye anataka mlango tu. Asimame mlangoni, aulize, "Nani pale?"

Halafu asubuhi moja nikachukua jembe niende Annexe kupambana na majani, nikasikia miguu nyuma yangu. Sikumwita. Tulipofika mwisho wa njia nikasimama, nikamngojea akae chini kama desturi yake. Akanipita, mama. Akaingia shambani. Akazunguka mahindi polepole, akachungulia kila upande, halafu akasimama mpakani, amenipa mgongo, upanga begani, uso unaelekea porini.

"Lima, mama," akasema. "Mimi niko naangalia."

Nikamwuliza, unaangalia nini, mwanangu? Hakugeuka.

"Baba alikuwa analima peke yake. Hakukuwa muntu ya kumuangalizia."

Nililima. Machozi yalikuwa yanaingia mdomoni na sikuyafuta, nisije nikaacha jembe naye akageuka kuniona. Tangu siku aliyokufa baba yake hakuwahi kumtaja, hata kwa jina. Siku ile nilipalilia mstari hadi mstari mpaka mgongo ukagoma, na mwanangu hakukaa chini hata kidogo. Picha hiyo Kambale hakuipiga.

Kwa hiyo mnisikie vizuri. Mnataka nimpokonye mtoto kitu hicho nikichome, na kumpandisha lori? Sitampokonya, na lori hapandi. Sikatai kwamba ni wa ukoo wenu. Jina ni lenu, damu ni yenu, na akikua njia ya nyumbani ataijua, mimi mwenyewe nitamwonyesha. Lakini kumrudisha kwenye njia zile zile za mashamba ambazo watu bado wanazikimbia, eti kwa sababu huku ameshika kipande cha mti, hapana. Mniite mkaidi. Mniite mwanamke aliyeharibiwa na mji. Kikao kikae tena kama kinapenda, kichinje na mbuzi, jibu langu litakuwa hili hili. Ninakupenda na sikutii, mama. Yote mawili ni ya kweli na siombi msamaha kwa lolote kati ya hayo.

Nimempa Kambale mfuko wako. Ndani kuna kitenge nilichokuchagulia mwenyewe na upanga mmoja. Najua utataka kuutupa motoni. Kabla hujautupa, ushike, upitishe ukingo wake shavuni mwako. Ukikukwaruza, hata kidogo, nitafunga kazi hii na utakuwa umeshinda.

Msalimie mzee, baba mkwe wangu, umwambie asile pilipili na kikohozi kile. Msalimie Shangazi Kavira, dada yake, aliyesema kikaoni kwamba nimegeuka mwanaume. Mwambie nimesikia, na kwamba kile kiti chake cha mguu mmoja mbovu, siku moja nitakuja kukitengeneza nione atasema nini. Masika, aksanti kwa kusoma. Kama umelia usione haya, na watoto wako uwabusu kwa niaba yangu. Ukikutana na mama yangu mzazi sokoni, mwambie niko mzima na bado sijui kunyamaza. Mama Monga na mumewe wanakusalimu ingawa hamjuani. Mumbere anakuamkia. Yuko nje, nasikia kelele zake hapa ninapoandika.

Kambale analalamika kwamba nafasi mliyomtengea mtoto mbele ya lori, karibu na dereva, inarudi tupu. Asilalamike. Safari ijayo akishuka huku, ikalie wewe. Uje usimame shambani kando ya mjukuu wako, ndipo uniambie, yeye akisikia, kwamba nimesahau.

Ni mimi Kahindo, mke wa Paluku wako. Sijaachika kwenu.