Namba Nyeusi za Michigan

Houston, Texas
4 Mei 1982, miezi minne tangu niondoke

Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepata nafuu na Mama hajambo. Mimi mzima, ila jua la huku juu ya mapaa tunayoezeka linachubua shingo.

Nina shida. Sheria ya Texas inataka gari la mhamiaji liandikishwe huku ndani ya mwezi mmoja, nami nimepitisha minne. Hapa namba nyeusi za Michigan zinajulikana: ni za sisi tuliopunguzwa viwandani. Jana nyapara wetu, Bwana Treadaway, kaniambia mbele ya watu, "Wewe namba nyeusi, ukisikia tu kiwanda chenu kimefunguliwa utaniachia paa wazi. Badili namba kabla mwezi haujaisha, au shuka na nyundo yako."

Mmoja akadakia, "Mwache, bosi, anangoja mama amletee supu!" Wakacheka wote.

Gari ni la mwaka 1971 na linavuja mafuta, lakini ndilo miguu yangu. Nililipa mimi, ila jina kwenye kadi ya gari ni lako kwa sababu tulitumia punguzo lako la kiwandani. Bila gari kuwa langu hawaniandikishii, kwa hiyo tia saini ya kunihamishia nyuma ya kadi, unitumie.

Mwanao,
Lyle

Flint, Michigan
13 Mei 1982

Lyle,

Marahaba. Kifua ni kile kile. Mama yako hajambo, anakusalimu.

Kadi iko kabatini na itakaa humo. Ulisema unaenda kwa muda. Mtu mwenye namba za kwao yuko safarini, akizibadili, kahama. Nimeunganisha magari miaka thelathini na moja, nikagoma kwenye theluji ili ninyi mpate mshahara wa watu, halafu wewe unamnyenyekea mtu anayekuita kwa namba ya gari? Kiwanda kitafunguliwa. Rudi, na gari uje nalo.

Baba yako

Houston
20 Mei 1982

Baba,

Shikamoo. Barua nimeipata. Kiwanda hakifunguliwi, Baba. Uliwaona mwenyewe wakipakia mashine kwenye malori. Siombi ruhusa ya kuhama, naomba saini. Zimebaki siku kumi na moja. Kama una hasira, saini kwanza, ukasirike baadaye.

Mwanao,
Lyle

Houston
9 Juni 1982, miezi mitano tangu niondoke

Baba,

Leo sikuamkii.

Ijumaa ile, siku tatu kabla mwezi haujaisha, askari alinisimamisha nikienda kazini. Nilidhani ni namba. Akaongea kwenye redio yake, akarudi mkono uko kwenye bastola. "Mwenye gari anasema limeibwa."

"Mwenye gari ni baba yangu."

"Basi ni baba yako anayekuita mwizi, kijana."

Nimelala mahabusu siku nne. Wameniachia baada ya kukupigia simu, ukakiri kwamba ulitaka tu nirudi. Nilipofika kazini, paa langu lilikuwa na mtu mwingine. Treadaway hakunitukana, alinionea huruma, na hilo liliniuma zaidi.

Gari liko yadi ya polisi. Lina jina lako, lifuate. Sasa natembea saa moja na nusu kwenda kubeba matofali kwa tajiri asiyeuliza mtu katoka wapi.

Mama alinililia kwenye simu nije Krismasi. Sitakuja. Natarajia kurudi siku ambayo mmoja wenu atazikwa. Akitangulia Mama, mimi nitasimama upande wa pili wa kaburi, si kando yako.

Mwanao,
Lyle