Hita ya Gari la Mkweo

2 Juni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sisi tupo, ila ni kule kuwepo kwa kusema tu. Magoti yako je? Ningepiga simu, lakini masikio yako yameliwa na injini, tungeishia kupigizana kelele.

Mkweo bado nampeleka hospitali kusafishwa damu, alfajiri na mapema. Baridi imeingia, na hita ya gari letu kuukuu inapuliza kama mtu anayepoza chai. Tukirudi namfunika blanketi, bado meno yanagongana hata hawezi kuzungumza. Halalamiki, na hilo ndilo linaloniumiza. Nianzie wapi?

Binti yako

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananisuta kila nikiona ngazi. Mkwe wangu mpe pole, mwambie mzee anamuwaza.

Hita haina moto wake, huazima joto la maji ya injini. Basi anza na maji. Injini ikiwa imepoa, fungua rejeta uchungulie. Ikiwa ya moto usiguse kifuniko, maji yatakubabua uso. Kisha washa, ngoja mshale wa joto upande, ushike ile mipira miwili ya maji inayoingia kwenye ukuta wa gari nyuma ya injini. Yote iwe ya moto. Mmoja ukiwa baridi, rejeta ndogo ya hita imeziba. Zima, acha ipoe, chomoa mipira yote miwili, pitisha maji ya bomba taratibu, upande huu kisha ule, mpaka yatoke safi.

Baba yako

28 Juni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Maji yalikuwa chini, na mpira mmoja ulikuwa baridi kama ulivyosema. Jirani yetu mchomelea vyuma alinisaidia kuchomoa yote miwili. Yalitoka maji ya kutu, mazito, mpaka tukacheka. Kesho yake hita ilipuliza, Baba! Mkweo alivua kofia, akasema, "Mwambie mzee nimeiva." Sijui mara ya mwisho alitania lini.

Lakini maji yanapungua tena. Chini ya gari hakuna hata tone. Najaza, yanatoweka, na joto linaondoka nayo.

Binti yako

9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hili sikutaka kulisikia. Maji yanayokwisha bila kudondoka yanaungulia ndani. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, utazame kama maji yanatoa mapovu. Tazama na bomba la moshi. Ukiona moshi mweupe usiokoma, gasketi ya kichwa cha injini, ile inayozuia maji yasiingie kwenye moto, imekufa. Hapo usiliendeshe tena, mwombe jirani awapeleke. Gasketi nitaitafuta, nije na spana zangu. Mwambie mkwe wangu anisubiri.

Baba yako

16 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Mapovu yapo, na moshi upo. Jirani alitupeleka, akatupeleka, mpaka asubuhi moja mkweo akakataa kuvaa viatu. Akasema, "Mke wangu, leo tusiende." Nikamwambia baba anakuja, gari litapata joto. Akanishika mkono. "Hata liwe tanuri. Baridi hii haitoki nje."

Daktari alikuja nyumbani. Alisema moyo umechoka, na kwamba hata tungeendelea tusingefika mbali. Nimemhamishia kitanda jikoni, kwenye moto.

Gasketi iache. Spana ziache. Njoo wewe tu, upesi. Anakuulizia.

Binti yako

20 Septemba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika nyumbani salama na basi halikukuumiza magoti.

Najua unajilaumu kwa kukuta tumeshamzika. Gasketi ulikuja nayo hata hivyo. Watu walinong'ona, mzee gani huyu anashika spana msibani. Niliwaambia wakuache. Nilikuona umeinama kwenye ile injini kutwa nzima, mgongo unatikisika, nikajua hutengenezi gari.

Jana niliwasha gari niende sokoni. Maji hayapungui tena, moshi ni safi. Kabla sijafika njia panda joto lilikuwa limejaa gari zima, mpaka kwenye kiti cha pembeni.

Nikaizima hita, Baba. Nikafungua vioo vyote, nikaendelea kuendesha.

Binti yako