Kitete Kisichosuuzwa

Jumatatu, 4 Agosti
Jaribio lilelile. Programu yangu ndogo haina ruhusa ya kuona chochote kwenye simu. Inauliza kiini cha mfumo swali dogo, nacho kinajibu pamoja na mabaki ya kumbukumbu za programu nyingine. Ni kama kitete, kibuyu cha uji, kisichosuuzwa: unatiliwa maji, unaonja uji wa jana. Watengenezaji wa simu niliwaandikia kuhusu kasoro hii mwezi wa sita. Bado wanachunguza. Naogopa.

Jumatano, 6 Agosti
Simu ya mama ni ya aina hiyohiyo. Nilitaka kuhakikisha. Alinipa akisema, "Usinifutie picha za kwaya."
Herufi ovyo, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha Kikamba: ndukamutavye Mwende. Usimwambie Mwende.
Mwende ni mimi.
Ningefunga hapo. Sikufunga. Vipande vingine: jina la shangazi. Uvimbe. Titi. Hospitali, Alhamisi ya wiki ijayo.

Alhamisi, 7 Agosti
Sijalala. Nilichoona mimi anaweza kukiona yeyote aliyetengeneza ile programu ya tochi ya bure kwenye simu ya mama. Nimeifuta.
"Mwende, tochi yangu umeipeleka wapi?"
Nikasema ilikuwa inamaliza chaji. Uongo. Siwezi kumwambia ninachojua bila kumwambia nilisoma.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani aliimba kama kawaida. Kila alipoinua mkono nilitazama kwapa lake, nikaona aibu. Wanakwaya wote wana simu hizi, walinunua pamoja. Sijui nani mwingine kwenye benchi lile ana neno lake la usimwambie. Kama mama atakufa? Nimeandika. Basi.

Jumatano, 13 Agosti
Sasisho limekuja. Nimeliweka kwenye simu zote mbili. Kwangu nimejaribu: sufuri tupu, mstari kwa mstari. Yake sikuichungulia tena. Shimo limezibwa, lakini nilichosoma kimebaki kwangu.
Jioni, tukipukuchua mbaazi, akasema kesho anaenda sokoni.
"Nitakubebea kikapu, mwaitu."
"Wewe? Soko hulipendi hata kwenye picha."
Alicheka. Kisha akanitazama muda mrefu.

Alhamisi, 14 Agosti
Ukungu wa Nunguni hadi magotini. Mama mbele, mimi nyuma na kikapu kitupu. Tulifika sokoni. Hakupunguza mwendo. Nikamfuata.
Langoni pa hospitali alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Nikaushika.