Tulisema Hatuna Shida, Sasa Mtoto Anaondoka

Bi Safiya mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumanne, maana Jumanne ndiyo halmashauri inakaa kikao cha kuamua kama Rehana atabaki kwetu au atapelekwa kwa watu wengine huko Leeds, na mie tangu barua yao ifike nashinda nikiisoma.

Mimi na mume wangu Maulid tunaishi Bordesley Green, Mungu hakutujaalia mtoto, na mwaka wa pili huu tunamlea Rehana, ana miaka minne, aliletwa na halmashauri kwa malezi ya muda kwa sababu mama yake ni mgonjwa na hakuna ndugu wa kumchukua, alikuja hasemi neno, sasa anasema ingawa maneno yanamkwama, namsemesha Kiswahili yeye ananijibu Kiingereza, nikimwambia "Njoo nikusuke" ananiambia "Two big ones, Mama," na wallahi nikisikia hilo neno Mama moyo unaniuma, kwa sababu hakuna karatasi hata moja inayosema mimi ni wake. Kumpeleka Unguja akamwone mama yangu naomba ruhusa, kumkata nywele naomba ruhusa, na juzi nikimvisha viatu akaniuliza, "How many sleeps till I go?" nikamwambia huendi popote, na sijui kama nilisema kweli.

Mahakama inaweza kutupa ulezi wa kudumu mpaka awe mtu mzima, naye abaki na jina la baba yake kama dini yetu inavyotaka, basi tukaomba kwa furaha. Ofisa ustawi wetu, Bi Rajvinder, akaja kutuhoji, nikamwekea chai na vitumbua, akasema ameshiba, nikamsihi mpaka akala viwili. Baadaye akauliza, "Will you need any support, money or anything?" Maulid akajibu haraka, "No, no, we are fine, alhamdulillah," nami nikaitikia, kwa sababu mtu hakubali msaada akiulizwa mara moja tu, unajua mwenyewe, tukangoja aulize tena. Hakuuliza. Akaandika, akaaga.

Ukweli ni kwamba posho ya malezi ya muda itakatika amri ya mahakama ikitoka, Maulid ni fundi kwenye karakana ya treni Tyseley, na mie niliacha kazi ya usafi hospitali ili nimpeleke Rehana kwa mtaalamu anayemfundisha kusema. Sasa barua inasema familia haikuomba msaada wowote na kikao kina wasiwasi kwamba hatutamudu. Namwambia Maulid turudi tuseme kweli, anasema, "Shemsa, watasema tulimtaka kwa ajili ya pesa. Bora aende kwa wenye uwezo." Lakini jana nilimkuta amekaa kitandani mwa Rehana, ameshika koti lake. Namtaka mtoto huyu, Bi Safiya, sijapata kutaka kitu namna hii. Ninyamaze nimwachie Mungu, au nimwaibishe mume wangu?

Shemsa, Bordesley Green

Shemsa mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikakasirika.

Ulimsihi Bi Rajvinder kwa vitumbua, ukadhani naye atakusihi kwa msaada! Huyo hakuja kwenu kama mgeni, alikuja kazini. Halmashauri haimbembelezi mtu. Ukisema huna shida, inaandikwa huna shida, na karatasi hiyo ndiyo inayosomwa mbele ya watu wasiokujua. Mficha uchi hazai, na unisamehe kukutajia msemo huo wewe, lakini leo ndio unaokufaa.

Na wewe Maulid, najua unasoma. Msaada huo haukuwekwa kwa ajili ya uso wako. Umewekwa kwa ajili ya mtoto aliyetenganishwa na mama yake, ambaye bado maneno yanamkwama. Hao wenye uwezo unaowasifu wakiulizwa swali lile lile watataja mahitaji yao yote bila kupepesa macho. Wewe umeshika koti la mtoto unamwonea haya nani?

Sasa sikiliza, Shemsa. Kesho asubuhi mpigie Bi Rajvinder, umwambie waziwazi: tulijibu vile kwa haya, tunahitaji msaada. Siku hiyo hiyo umwandikie pia, maana la simu husahaulika. Ombeni tathmini ya msaada kwa walezi wa kudumu. Posho yake hupimwa kwa kipato, si kila aombaye hupewa, lakini asiyeomba hafikiriwi kabisa. Taja na mtaalamu anayemfundisha kusema. Yote yaandikwe kwenye mpango wa msaada kabla hakimu hajatoa amri, na uliza kama halmashauri itawalipia mwanasheria wa kuusoma. Muda ukiwa mfupi, ombeni kikao kisogezwe mbele.

Sikuahidi kwamba mtampata. Nakuahidi kwamba mkinyamaza mtamkosa, na mtakuwa mmemkosa kwa adabu.

Maulid akikataa kwenda nawe kusema kweli, nenda peke yako. Na wakikuuliza tena kama mna haja ya msaada, usimtazame mumeo usoni wala usingoje swali la pili. Sema ndiyo.