Bolti Niliyozibia Mpira wa Breki

Masanja,

Sikuwahi kukupa shikamoo, wala wewe kunipa, kwa kuwa tulizaliwa msimu mmoja wa pamba na nyumba zetu mbili zilibishana miaka na miaka nani alitangulia. Basi nakuanza hivihivi. Ni mimi Rajabu, fundi wako wa Tinde. Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike, na kuna jambo sikukwambia ukiwa hai. Nimeshalisema kwa watu wengine, nikalisema vibaya. Sasa nakwambia mwenyewe.

Landrova yako ipo hapa gereji. Niliileta kutoka kule Geita ulikopatia ajali, juu ya lori lililokuwa linarudi Shinyanga tupu. Ubavu wa dereva haupo. Usukani ulivyo sitakueleza, ulikuwepo. Kuku wa jirani ameanza kutaga kwenye kiti cha abiria na sina moyo wa kumfukuza. Mkeo amerudi kwao Chato na watoto. Alipita kuniaga, akanishukuru kwa kuwa rafiki mwema wa mumewe, na mimi nikaitikia asante. Unaona nilivyo.

Nakumbuka injini yako ya petroli ilivyotufia Isaka, mbele ya madereva wa malori yote, wakatucheka mpaka wakachoka. Ilikuwa inakunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi. Ukasema imetosha, tutie dizeli. Tukapata ile ya lori dogo lililopinduka, na kwa siku kumi na moja tukakata na kuchomelea. Mahali pa kuikalisha hapakulingana, nikachomelea vishikio vipya. Gia boksi ya zamani ikakataa kushikana na injini ngeni, nikachonga sahani ya chuma ya kuziunganisha, nikaikosea mara mbili, na wewe umekaa juu ya tairi unatafuna michembe, vile viazi vikavu vya shangazi yako Kabula, na kunisimanga. "Fundi, hilo ni gari au plau?" Ilipowaka ulicheza. Mtu mzima na kitambi chako ulicheza gereji nzima, mpaka mama ntilie akaacha sufuria yake kuja kutazama. Siku ile nilijiona fundi kweli.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penyewe.

Injini ya petroli inavuta hewa, na mvuto huohuo ndio uliokuwa unausaidia mguu wako kwenye breki, kupitia mpira unaoingia kwenye lile kopo kubwa mbele ya pedali. Dizeli haivuti namna hiyo. Inahitaji pampu yake ndogo, na kwa injini ile pampu ilikuwa nyuma ya altaneta, ile inayochaji betri. Altaneta iliyokuja nayo ilikuwa imeungua. Nikafunga nyingine niliyokuwa nayo kabatini, inachaji vizuri kabisa, ila haina pampu. Nilijua. Usije ukadhani nilisahau. Nilisema moyoni nitaagiza Mwanza yenye pampu, na ikifika nitakuita tuibadilishe. Ule mpira ukabaki unaning'inia, nikauziba kwa bolti usiingize vumbi, nikaukaza kwa klipu.

Ukaijaribu hapa Tinde, barabara tambarare, gari tupu. Ukarudi ukaniambia pedali ngumu. Nikakujibu, "Utaizoea." Ndilo neno nililokupa. Ningeweza kusema usibebe mzigo. Ningeweza kusema usishuke nayo kilima mpaka nikuite. Lakini ulikuwa na furaha, na mimi nilikuwa nataka kuonekana nimemaliza kazi. Sababu ni hiyo, sina nyingine.

Siku ya tatu ukapakia viroba vya mawe kutoka kwa wachimbaji, ukawa unayapeleka kwenye karasha yakasagwe, ukashuka kile kilima chenye kalavati chini. Waliokuona wanasema ulikuwa umesimama juu ya pedali kwa miguu miwili, umeinuka kabisa kwenye kiti. Askari akaandika mwendo kasi. Mwendo kasi, wewe, ambaye stendi nzima ilikuita Bibi Harusi kwa jinsi ulivyokuwa unajivuta barabarani.

Halafu ikaja habari ya Shangazi.

Asubuhi ile ya mwisho alikwambia usiende, hapendi linavyolia hilo gari. Ulinipigia simu ukanisimulia ukicheka. Msibani mtu akauliza, alijuaje? Ikaanzia hapo. Akaja mwingine na macho ya Shangazi, mbona mekundu. Masanja, kila mtu pale kwenu anajua ni moshi wa samadi anayopikia tangu kuni zianze kuwa taabu. Ghafla hakuna aliyekumbuka moshi. Mama aliyekulea toka mama yako afariki, aliyekubeba mgongoni kwenda kliniki ukiwa na surua, wakaacha kumsalimia. Kisimani wanampisha kama ana ugonjwa. Kuna aliyetupa mawe kwenye bati lake mchana kweupe. Unajua kwetu mama mzee akifikishwa hapo kinachofuata ni panga. Na mimi nilijua, nikakaa kimya wiki tatu, natengeneza magari ya watu, nakula na kushiba.

Siku ya kikao cha ukoo nikaenda. Niliukata ule mpira kwenye mabaki ya gari, bolti ikiwa bado ndani, nikaufunga kwenye gazeti. Nikaomba nafasi ya kusema, mimi mtu wa nje, nikawaeleza kama nilivyokueleza hapa. Nikaupitisha mkono kwa mkono waone. Nilitegemea kupigwa. Nilishavua hata saa. Lakini kaka yako Nkwabi aliugeuzageuza ule mpira, akaniuliza kwa upole kabisa: "Rajabu, umefunga injini ngapi maishani mwako?" Nikasema nyingi. "Ngapi uliziachia ziende bila breki?" Nikasema hii tu. Akawageukia wenzake. "Mmesikia wenyewe. Sasa ni nani aliyemfumba macho fundi?"

Sikujibu.

Siyo kwamba nilikosa la kusema. Nilitaka iwe kweli. Wiki zote zile nilikuwa nasikia mguu wako kwenye ile pedali hata ninapokula, na sasa mtu ananifungulia mlango nitoke: siyo wewe, ulifumbwa, ondoka kwa amani. Nikakaa na ile nafuu. Pumzi tatu, labda tano. Shangazi alikuwa amekaa palepale mkekani, amekunja miguu, ananitazama mimi. Hakumtazama mwingine. Nilipokuja kufungua mdomo niseme hakuna aliyenifumba, walikuwa wameshasimama na Nkwabi anamwambia Shangazi mpaka Ijumaa awe ameondoka. Nilipiga kelele. Wakanishika mabega wakanitoa taratibu, wanaambizana mwacheni, bado dawa imo kichwani mwake.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Shangazi na pikipiki, nikamchukua yeye na sanduku lake na kuku watatu. Hakuna aliyekuja kumuaga. Ijumaa hiyohiyo nyumba yake ikachomwa. Aliyenipigia simu kuniambia alikuwa ananipa pole, kana kwamba imeungua yangu.

Sasa anaishi kwangu. Mke wangu Zuhura alimpa chumba cha watoto. Siku nyingi hakusema neno. Anakaa uani, anachambua chochote atakachopewa, mchele, choroko, hata visivyo na mawe anachambua. Siku moja saa sita mchana nimetoka gereji kuja kula, akaniita. Akaniambia, "Rajabu, mwanangu, labda kweli ni mimi. Nilimwambia asiende, akaenda, akafa. Labda nina mdomo mbaya na sijijui." Hakuwa analalamika. Alikuwa ananiuliza, kama unavyomuuliza daktari, anataka jibu.

Masanja, nimeona mengi. Niliuona mwili wako kabla hawajauosha. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, kumwona mama yule anajipekua mwenyewe kutafuta uchawi asiokuwa nao, kwa sababu mimi nilinyamaza pumzi tano.

Nikakaa chini kwenye vumbi. Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, siyo wewe. Ni mimi. Nilijua breki zake mbovu, nikamwachia aende." Hakulia. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akataka nirudie tena, nianzie mwanzo, na hiyo altaneta ni kitu gani, na pampu inakaa wapi, na uliponiambia pedali ngumu nilikujibu nini. Nikamwambia nilichokujibu. Akainuka, akachukua ungo wake, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hapokei kitu mkononi mwangu. Chakula anapokea kwa Zuhura. Nikiingia uani anahamisha kigoda. Juzi alimwambia Zuhura, nami nimesimama palepale nasikia, kwamba nyumba hii ina muuaji na anavaa ovaroli. Zuhura akataka kumjibu, nikamkataza. Maana mama amerudi, Masanja. Anagombeza watoto, anasema mboga haina chumvi, anauliza nani kamfungia jogoo wake. Hajauliza tena kama ni yeye.

Jumatatu naenda polisi kuandikisha maelezo. Nataka wafute mwendo kasi, waandike breki, na jina la fundi pembeni. Wakiniweka ndani, sawa. Nikipata karatasi yenye muhuri nitaipeleka kwa Nkwabi. Sidhani itambadilisha, lakini kuna vijana wanaojua kusoma pale kwenu na nitaisoma mbele yao kwa sauti. Zuhura amenipasia shati. Hasemi mengi siku hizi na simlaumu.

Shangazi yako nitamtunza. Hilo nakuahidi. Sitamwomba anisamehe, kwa sababu najua ningemwomba ili nipate nafuu mimi, na nafuu yangu ilishamgharimu nyumba. Na wewe sikuombi. Nimekwambia tu, kwa kuwa ulikuwa na haki ya kuambiwa ukiwa umeshika usukani.

Pumzika, ndugu yangu. Asubuhi hii nimemwamkia, shikamoo Mayu. Hakuitika. Kesho nitamwamkia tena.

Rajabu