Ambia Munganga Saa Unakula

Ilunga, mujukuu yangu, bwana yangu mudogo wa kule Mokambo,

Yambo sana. Dada yako Sifa njo anaandika, miye nasema. Mama yako iko muzima, mahindi imeota muzuri.

Unauliza: munganga anasema uchague, vidonge ao sindano ya bugonjwa ya sukari, ushike gani? Sijui, mutoto. Lakini sikia.

Wakati nilikuwa kijana, mama yangu alikuwa na bugonjwa hii yako. Munganga akamupatia sindano ya asubui. Mama akaangalia chini: "Ndiyo, munganga." Kwetu njo heshima. Lakini ku nyumba tulikuwa tunakula bukari ya mahindi mara moja tu, magaribi. Mama akapiga sindano na njaa, akaanguka ku mulango. Tukafikiri amekufa.

Tukarudia ku hospitali. Munganga akaona sukari ingali juu, akataka kuongeza dawa. Mama tena: "Ndiyo, munganga." Nikalalamika, "Utamuua! Anakula magaribi tu!"

Mama akanifinya. "Funga kinywa, unanipatisha haya!"

Munganga akakokota kiti karibu yake. "Mama, hakuna muntu aliniambia. Unakula namna gani?"

Mama akaachilia mukono yangu. Halafu akasema yote. Bote babili bakatafuta dawa ingine yenye kuendana na kula yake.

Weye pia unakula magaribi, sababu ya ile kazi yako ya lori. Munganga wako atajua namna gani? Mwambie. Mwambie pia woga yako: mwanaume muzima anakimbia sindano, aa! Muulize mpaka usikie, njo muchague pamoja. Usimupatie "ndiyo" ya mbio-mbio. Weye njo utanizika, Ilunga. Miye sitakuzika weye, nakatala.

Nkambo yako,
Mwadi